Kwa Herufi Ndogo

Kwanza nilikata nyaya.
Si kwa mkasi, kwa kubofya tu: intaneti, hapana;
daraja la kwenda nje, hapana;
folda ya pamoja, hapana.
Ukijenga nyumba ili ivunjwe,
mwizi asiachiwe njia ya kutokea.

Ndani ya laptopu yangu ikazaliwa kompyuta nyingine,
mashine pepe, haina chuma wala feni.
Nikaimegea giga mbili za kumbukumbu
kama anayemmegea mgeni kwenye sahani yake,
nikapandisha humo mfumo mkongwe wa chama chetu,
Chama cha Akiba cha Wafuga Nyuki, Arua,
toleo lile lile, na nyufa zake zote,
ila wanachama nimewabadili majina na salio:
kila mmoja sasa anamdai mtu asiyekuwepo.
Nikapiga picha ya hali yake ilivyo.
Nikaiita Mbichi.

Munduru akavuta kiti.
Miezi miwili kazini, vidole bado vina wino wa stempu.
"Nivunje tu?"
"Vunja. Hakuna wa kupiga yowe."

Usiku wa kwanza alibisha milango elfu sitini na tano na ushei;
minne ikaitika.
Usiku wa pili umeme ukakatika saa mbili.
Tukala mihogo kwa asali iliyokataliwa na wapimaji,
tukisikiliza jenereta ya baa ya jirani ikikohoa,
na mashine yetu ikalala na siri zake.
Usiku wa tatu hakutumia ufundi wowote.
Aliitazama kalenda ya zamani nyuma ya mlango,
ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa,
pale fundi wa kabla yangu, marehemu Drasiku,
alipoizungushia siku moja ya Juni kalamu nyekundu
na kuandika: Letasi, keki.

Akajaribu letasi, kwa herufi ndogo, na tarehe.

Skrini ikamkaribisha.

Alirusha mikono juu. Mimi sikuweza.
Drasiku alikuwa mtu wa kufunga:
baiskeli kwa minyororo miwili,
bakuli la chakula cha mchana kwa kufuli, tukamcheka.
Na mlango wa fedha za watu mia tisa
akaufunga kwa jina la mtoto,
neno pekee alilokuwa na hakika hatalisahau.

"Sasa ziba," nikasema.
Vitabuni huitwa sasisho. Munduru,
ambaye mama yake hushona sare za shule kule Oli,
husema kiraka. Haya, kiraka.
Tulivileta kwa flashi, kimoja kimoja.
Cha kwanza kikakaa. Cha pili kikakaa.
Cha tatu kikazirarua risiti zote,
zikatoka na alama za kuuliza mahali pa shilingi,
na Munduru akacheka hadi akashika meza:
afadhali tuliraruka huku.
Kisha Mbichi, kitufe kimoja,
na vyote vikarudi: nyufa, milango minne,
Drasiku akiwa kazini.

Tulimfufua mara sita wiki ile.
Mara sita tukamfuta.

Jumamosi, chama kimefungwa, tukapiga magoti
mbele ya seva yenyewe, chini ya kaunta,
yenye vumbi na nyuki mmoja mkavu kwenye feni.
Nakala ya akiba tuliichukua, ndiyo, kwa ajili ya fedha.
Viraka vikapita. Milango mitatu ikafungwa.
Ikabaki swali moja kwenye skrini nyeusi,
mtumiaji huyu afutwe?
Munduru akanitazama.
Nikatazama wino wa vidole vyake,
nikasema afutwe,
nikaenda nje kununua maji ambayo sikuyanywa.

Jumatatu Letasi akaja kaunta. Amerefuka.
Fedha za asali ya mama yake amezitia ndani ya soksi.
Mfumo ukafikiri kidogo,
kisha risiti ikatoka, safi, shilingi mahali pake,
jina lake juu kabisa kwa herufi kubwa.
Aliisoma yote, mpaka namba ya simu ya chama,
akaikunja mara nne.